Maneno matatu ndani ya kifungu cha 40: namna Kongo ilivyopigia kura ndoa bila kuulizwa

Goma. Tarehe 18 na 19 Desemba 2005, raia wa Kongo walipanga mistari mbele ya mashule na makanisa yaliyogeuzwa kuwa vituo vya kura. Hapa Goma, mji ambao karibu miaka minne mbele ya hapo ulikuwa umefunikwa na lava ya Nyiragongo, watu walipiga kura kwenye vyumba vilivyosimama juu ya mawe meusi. Swali lilikuwa moja tu: unakubali mradi wa katiba, ndiyo ama hapana?

Mradi ule ulikuwa na vifungu 229. Ndani yake, kifungu cha 40 kilisema kwamba kila mtu ana haki ya kuoa ama kuolewa na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti, na kujenga jamaa. Katika Kifaransa ni maneno matatu: de sexe opposé. Katika Kiswahili nayo ni matatu. Kwa maneno hayo matatu Kongo ilifunga mlango wa ndoa ya watu wa jinsia moja, na iliufunga kwa kura ya raia wote, si kwa sheria ya bunge peke yake.

Siku hizi jambo hili linarudi kwenye mahubiri, kwenye redio na kwenye mazungumzo ya kambini, hasa tangu wakubwa wa nchi waanze kusema habari ya kubadilisha katiba. Wengine wanasema katiba mpya italeta ndoa hizo. Wengine wanasema katiba ya sasa haisemi lolote. Hao wote wanasahau yaliyotokea mwaka 2005. Inafaa kuyarudilia polepole.

Katiba iliyopita mikononi mwa watu wa Mungu

Katika nchi nyingi, dini husimama nje ya ofisi ya serikali na kupiga kelele kupinga sheria. Kongo haikuwa hivyo. Hapa watu wa dini walikuwa ndani, mezani, tangu mwanzo.

Desturi hiyo ilianza zamani. Wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa wa mwaka 1991 na 1992, siku Mobutu alipokuwa bado rais, aliyeongoza kikao ni Askofu Mkuu wa Kisangani, Laurent Monsengwo. Miaka kumi baadaye, baada ya vita mbili, wapiganaji, wanasiasa na shirika la raia walitia sahihi mapatano ya Pretoria mnamo Desemba 2002. Mapatano yale yalizaa serikali ya mpito ya rais mmoja na makamu wanne. Yalizaa pia Seneti, na Seneti ndiyo iliyopewa kazi ya kutayarisha mradi wa katiba.

Mwenyekiti wa Seneti ile alikuwa nani? Alikuwa Askofu Pierre Marini Bodho, kiongozi wa Kanisa la Kristo katika Kongo, ile jumuiya kubwa ya Waprotestanti ambayo watu wanaiita ECC. Na tume huru ya uchaguzi iliyotayarisha kura, CEI, iliongozwa na padri Mkatoliki, Abbé Apollinaire Malu Malu, mtoto wa Kivu ya Kaskazini, mzaliwa wa wilaya ya Lubero, padri wa jimbo la Butembo-Beni. Kwa hiyo mradi wa katiba ulitoka mikononi mwa Mprotestanti, ukaenda mbele ya raia kupitia mikono ya Mkatoliki.

Si kwamba watu hao wawili waliandika maneno yale wenyewe. Katiba ilijadiliwa na maseneta wengi, kisha ikapita Bungeni mwezi wa tano 2005. Lakini mtu akielewa nani alikaa kwenye kiti cha mbele, anaelewa kwa nini hakukuwa na maandamano ya makanisa kuhusu ndoa. Makanisa hayakuwa na sababu ya kutoka barabarani. Yale waliyoyataka yalikuwa tayari yameandikwa.

Wala maneno hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyotolewa wakati wa Mobutu, ilisema tayari kwamba ndoa ni kati ya mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Katiba ilichukua jambo lililokuwa katika sheria ya kawaida na kulipandisha juu, mahali ambapo bunge peke yake haliwezi kuligusa kwa urahisi.

Upepo wa miaka ile

Kwa nini kulipandisha wakati ule? Jibu liko nje ya mipaka. Mwaka 2001 Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja. Mwaka 2003 Ubelgiji ikafuata. Kwa Mkongo, habari ya Ubelgiji si habari ya mbali: kila mtaa wa Goma na Bukavu una mtu mwenye ndugu Brussels. Mwaka 2005 Uhispania nayo ikapitisha sheria. Na tarehe 1 Desemba 2005, siku 17 tu mbele ya kura ya Kongo, Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini iliamua kwamba sheria ya ndoa ya nchi ile inawabagua watu hao, ikalipa bunge mwaka mmoja kuirekebisha. Afrika ya Kusini ndiyo nchi iliyowapokea Wakongo wakati wa mazungumzo ya amani ya Sun City. Sasa jambo hilo lilikuwa limefika Afrika yenyewe.

Majirani waliona upepo ule ule. Rwanda ilipiga kura ya katiba tarehe 26 Mei 2003, na katiba yake ikatambua tu ndoa ya kiserikali ya mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Burundi ilipiga kura tarehe 28 Februari 2005, na kifungu cha 29 kikasema waziwazi kwamba ndoa kati ya watu wa jinsia moja imekatazwa. Uganda, mwaka ule ule wa 2005, iliongeza katazo kama hilo katika katiba yake, lakini kwa njia ya bunge. Kura ya raia ya mwezi wa saba 2005 ilihusu kurudisha vyama vingi vya siasa.

Katika muda wa miaka mitatu hivi, nchi nne za Maziwa Makubwa, zilizokuwa zikitazamana kwa macho ya vita, ziliandika jambo moja. Na katika hizo nne, hakuna hata moja iliyowauliza raia swali la ndoa peke yake. Mahali palipokuwa na kura, neno lilifika likiwa limefungwa ndani ya furushi kubwa.

Watu wa Goma walipigia kura nini?

Mtu aliyekuwa na umri wa kupiga kura mwaka 2005 anakumbuka mabishano ya wakati ule. Hayakuwa ya ndoa. Hapa Kivu watu walibishana juu ya uraia: kifungu cha 10 kinachosema nani ni Mkongo wa asili. Walibishana juu ya umri wa mtu anayetaka urais, uliowekwa kuwa miaka 30, wakati Joseph Kabila alikuwa na miaka 34. Walibishana juu ya kugawa nchi katika mikoa 25 pamoja na mji wa Kinshasa, na juu ya pesa ambazo mikoa ingebaki nazo. Étienne Tshisekedi na chama chake UDPS waliwaomba watu wasiende kupiga kura kabisa.

Nakala za mradi hazikufika kila mahali. Ulikuwako mradi katika Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo, lakini raia wengi walijua habari zake kwa kusikia: redioni, kwenye mikutano ya jumuiya ndogo za Kikristo, msikitini siku ya Ijumaa, sokoni. Walio wengi mashariki hawakupima kifungu baada ya kifungu. Walitaka vita viishe na uchaguzi ufanyike. Kwao "ndiyo" maana yake ilikuwa: tumechoka.

Matokeo yalikuwa 84,31 kwa mia ndiyo, na 15,69 kwa mia hapana. Karibu watu 62 kwa kila 100 walioandikishwa walienda kupiga. Kivu zote mbili zilisema ndiyo kwa wingi mkubwa, huku Kinshasa na Kasai zikiwa na moyo mwingine. Joseph Kabila alitangaza katiba tarehe 18 Februari 2006, na uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Julai mwaka huo.

Je, watu milioni 12 na zaidi waliosema ndiyo walisema ndiyo kwa maneno yale matatu? Kwa sheria, ndiyo. Kwa moyo, ni vigumu kupima. Huenda swali lingeulizwa peke yake, jibu lingekuwa lile lile, hata kwa wingi zaidi. Lakini halikuulizwa. Anayesema leo kwamba "raia walipiga kura juu ya ndoa" anasema nusu ya ukweli, na anayesema raia hawakupitisha jambo hilo kamwe anasema nusu nyingine.

Kenya: makanisa yalipinga, yakashindwa, lakini neno likabaki

Mfano wa karibu unaoonyesha dini zikipigana kwenye kura ni Kenya. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipigia kura katiba mpya, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Kanisa Katoliki chini ya Kardinali John Njue, na Baraza la Makanisa la nchi hiyo, NCCK, ambalo katibu wake mkuu alikuwa Kasisi Peter Karanja, walisimama upande wa hapana. Mwanasiasa mkubwa wa upande huo alikuwa William Ruto, aliyekuja kuwa rais mwaka 2022.

Sababu zao kubwa zilikuwa mbili: kifungu cha kutoa mimba na mahakama za Kadhi za Waislamu. Lakini kwenye mahubiri na mikutano ya hadhara liliingia jambo la tatu: wengine walidai kwamba katiba ile itafungua mlango wa ndoa za jinsia moja kupitia vifungu vya usawa na mikataba ya kimataifa. Mradi wenyewe, katika kifungu cha 45, ulisema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Maneno yalikuwa pale pale, yamechapishwa. Woga ulikuwa umeshakimbia mbele ya kitabu.

Zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo. Makanisa yakashindwa kwenye sanduku la kura, na maneno waliyoyapenda juu ya ndoa yakabaki katika katiba waliyoipinga. Hilo ni somo la kwanza kutoka Kenya. La pili ni kwamba Mkristo anaweza kumsikiliza askofu wake Jumapili na kupiga kura yake mwenyewe siku ya Jumatano, kwani tarehe 4 Agosti ile ilikuwa Jumatano.

Mahali swali lilipoulizwa peke yake

Kuna nchi ambazo swali la ndoa liliulizwa uso kwa uso, na dini zikaingia kampeni kwa nguvu zote. Matokeo hayakufanana.

Huko California, Marekani, tarehe 4 Novemba 2008, Wakatoliki, Wamormoni na makanisa ya kiinjili walisaidia kushinda kura ya kuzuia ndoa hizo, kwa 52 kwa mia. Mahakama ziliibatilisha baadaye. Kroatia, mwezi wa kumi na mbili 2013, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikubali kuandika katika katiba kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Ireland, nchi iliyotuma mapadri na masista wengi Afrika, maaskofu waliomba watu waseme hapana; tarehe 22 Mei 2015 raia walisema ndiyo kwa 62 kwa mia, ikawa nchi ya kwanza duniani kukubali ndoa hizo kwa kura ya raia wote.

Romania, mwezi wa kumi 2018, Kanisa la Orthodoksi lilihimiza watu kwenda kupiga kura kusudi katiba iseme mume na mke. Kati ya waliopiga, walio wengi sana walikubali. Lakini sheria ilidai angalau watu 30 kwa 100 wajitokeze, na walijitokeza 21 tu. Kura ikaanguka.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kura ya raia ni silaha ya dini, wala kwamba ni silaha ya wanaopinga dini. Inategemea nani anaitwa, swali gani linaulizwa, na watu wangapi wanaweza kufika kwenye kituo.

Baada ya 2005: ndoa ni jambo moja, jela ni jambo lingine

Hapa Kongo, wengi wanachanganya mambo mawili. Katiba haitambui ndoa ya watu wa jinsia moja. Lakini sheria ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema kwamba mtu anayempenda mwenzake wa jinsia moja ni mhalifu kwa sababu hiyo tu. Kinachotumiwa mara nyingine ni kifungu cha kuvunja adabu mbele ya watu.

Wabunge walijaribu kubadilisha hilo. Mwaka 2010 Ejiba Yamapia, mtu wa makanisa ya uamsho, alileta pendekezo la sheria bungeni. Mwishoni mwa mwaka 2013 Steve Mbikayi alileta lingine. Hakuna lililofika kuwa sheria. Mwaka 2024 waziri wa sheria, Constant Mutamba, aliagiza waendesha mashtaka wawafuatilie watu hao, na mabishano yakaanza upya.

Kanisa nalo lilipata mtihani wake. Tarehe 18 Desemba 2023, miaka 18 kamili tangu siku ya kwanza ya kura ya katiba ya Kongo, Roma ilitoa hati inayoruhusu padri kutoa baraka fupi, isiyo ya ndoa, kwa watu wanaoishi pamoja wakiwa wa jinsia moja. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika, alijibu kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili. Barua ile ilieleza pia kwamba watu hao wasinyimwe heshima yao kama binadamu. Sehemu ya kwanza ilisomwa kila mahali. Sehemu ya pili ilisomwa kidogo.

Katiba nayo ina sehemu mbili. Kifungu cha 40 kinafunga mlango wa ndoa. Kifungu cha 12 kinasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria, na kifungu cha 16 kinasema binadamu ni mtakatifu. Mtu anayempiga jirani yake ama kumfukuza nyumbani akidai anaitetea katiba, anaivunja.

Sehemu ya kifungu cha 40 isiyohubiriwa

Kuna jambo jingine ambalo familia zilizohama vita zingependa lihubiriwe. Kifungu cha 40 hakiishi kwenye yale maneno matatu. Kinaendelea kusema kwamba jamaa ndiyo msingi wa jamii ya watu, na kwamba iko chini ya ulinzi wa serikali. Kinasema kulea na kusomesha watoto ni haki na wajibu wa wazazi, kwa msaada wa serikali. Kinasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao.

Soma maneno hayo ukiwa chini ya hema la plastiki. Baba yuko Masisi ama hajulikani alipo. Mama analala na watoto sita katika nafasi ya kitanda kimoja. Mtoto aliyezaliwa njiani hakuandikishwa ndani ya siku 90 zinazotakiwa na sheria, kwa sababu ofisi ya etasivili ilibaki nyuma ya mstari wa mapigano. Mume na mke waliotoa mahari mbele ya wazee hawana karatasi ya kuonyesha, na mume akifa, mjane anabishana na ndugu zake juu ya shamba lililoko mbali. Jamaa hizi ni za mwanaume na mwanamke, kama katiba inavyotaka. Ulinzi ulioahidiwa katika mstari unaofuata haujafika.

Na kura je? Tangu mwaka 2005 raia wa Kongo hawajaitwa tena kupiga kura ya katiba. Marekebisho ya Januari 2011 yalifanywa na wabunge na maseneta peke yao, na hayakugusa ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba mwaka 2025 ataunda tume ya kuangalia katiba upya. Maaskofu Wakatoliki wameonyesha wazi kutokubali, na wao hawasemi habari ya ndoa; wanaogopa mambo ya muda wa rais madarakani.

Kifungu cha 219 kinasema katiba haiwezi kurekebishwa wakati wa vita, wa dharura ama wa état de siège. Kivu ya Kaskazini iko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Na tarehe 20 Desemba 2023, wakati nchi ilipochagua rais na wabunge, wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Watu waliosimama kwenye mistari mwaka 2005 wakasema "ndiyo, tumechoka", wengi wao ndio waliohama vita, bila kituo cha kura.

Kwa hiyo mtu akifika kwenye hema ama kwenye baraza ya kanisa na kusema katiba mpya italeta hiki ama itazuia kile, wasikilizaji wana haki ya kumuuliza maswali matatu. Kifungu gani? Maneno yake yanasemaje? Na sisi tuliohama, tutapigia kura wapi?